Jeni Zenye Ubinafsi na Kuzaliwa kwa Spishi Mpya: Madai Saba Yasiyosimama

Mwalimu wa baiolojia anapofundisha mageuko ya viumbe, swali la kwanza huwa ni hili: sifa hii ina faida gani kwa mnyama? Swali ni zuri, lakini limezoeleka mno hata limegeuka kanuni. Wanafunzi wengi hutoka darasani wakiamini kwamba kila kilichomo mwilini kimo kwa manufaa ya mwili, na kwamba spishi mpya huzaliwa pale tu viumbe wanapoyazoea mazingira mapya. Kanuni hiyo inaacha nje sehemu kubwa ya ukweli. Zimo jeni zisizomfaa mwenye mwili hata kidogo, nyingine zinamdhuru waziwazi, na bado zinaenea kizazi hadi kizazi kwa sababu zina njia ya kujipendelea wakati wa uzazi. Hizo ndizo jeni zenye ubinafsi. Vita kati yake na jeni nyingine za mwili huohuo vinaweza kuleta utasa kati ya jamii mbili zilizokuwa zikizaana vizuri, na utasa huo ni hatua mojawapo kubwa ya kuzaliwa kwa spishi.

Wazo hili hupingwa kwa hoja zilezile kila mara. Nimezichukua saba nizijibu moja baada ya nyingine. Ya saba inatoka kwa mashabiki wa wazo lenyewe, nayo inastahili jibu kali kama zile zilizotangulia.

Dai la kwanza: "Jeni haiwezi kuenea isipokuwa imemfaa mwenye nayo."

Anayesema hivi amesahau njia ambayo jeni hurithishwa. Mnyama huwa na nakala mbili za karibu kila jeni, moja ya baba na moja ya mama, na kwa kawaida kila nakala ina nafasi sawa ya kuingia katika mbegu ya uzazi. Mgao huo wa nusu kwa nusu ndio alioueleza Gregor Mendel katika karne ya 19. Jeni ikiweza kuuvuruga mgao huo na kujichukulia zaidi ya nusu, itaenea hata ikiwa inamdhoofisha mwenye mwili.

Mwaka 1956, Yuichiro Hiraizumi alikuwa akichunguza nzi wa matunda waliokamatwa porini karibu na Madison, Wisconsin, nchini Marekani. Akakuta kromosomu isiyofuata mgao wa Mendel. Dume mwenye nakala moja ya kromosomu hiyo na moja ya kawaida huirithisha kwa asilimia 95 au zaidi ya watoto wake. Kromosomu hiyo, iliyopewa jina la Segregation Distorter, huziharibu mbegu za kiume zilizobeba mwenzake: DNA ya mbegu hizo haifungashwi inavyotakiwa, nazo hazikomai. Dume hajafaidika na chochote; amepoteza karibu nusu ya mbegu zake. Aliyefaidika ni kromosomu peke yake.

Panya wa nyumbani nao wana kipande cha kromosomu ya 17 kiitwacho t, ambacho dume anaweza kukirithisha kwa zaidi ya asilimia 90 ya watoto. Aina nyingi za kipande hicho humuua mtoto akiwa bado tumboni iwapo amekirithi kwa baba na kwa mama pia. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwa panya huyu kimo ndani ya kila seli.

Dai la pili: "Jeni inayoua watoto wa mwenye nayo ingefutwa mapema na uteuzi asilia."

Jibu limo kwenye hamira. Mwaka 1893 Paul Lindner aliielezea hamira aliyoitenga kutoka pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, na jina lake la kisayansi hadi leo ni Schizosaccharomyces pombe. Imekuwa miongoni mwa viumbe vinavyochunguzwa sana maabara. Paul Nurse alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2001 kwa kazi aliyoifanya kwa hamira hiyo.

Seli zake zikikosa naitrojeni, mbili hukutana na kuungana, kisha hugawanyika na kutoa spora nne ndani ya kifuko kimoja. Mtafiti hukiweka kifuko chini ya darubini, huzitenganisha spora moja moja kwa sindano nyembamba, huzipanga kwenye sahani ya agari na kusubiri siku chache. Kila spora iliyo hai huota na kuwa doa dogo la hamira. Mzazi mmoja akiwa na jeni iitwayo wtf4 na mwenzake akiwa hana, mtu angetegemea madoa manne. Mara nyingi huota mawili tu, na yote mawili yana wtf4.

Mwaka 2017 maabara ya Sarah Zanders, katika Taasisi ya Stowers mjini Kansas City, ilieleza kinachotokea. Mwaka huohuo watafiti wa China wakaeleza jeni nyingine za familia hiyohiyo. Jeni moja hutoa protini mbili. Fupi ni sumu, nayo husambaa hadi kwenye spora zote nne. Ndefu ni kiuasumu, nayo hubaki kwa wingi ndani ya spora zilizoirithi jeni. Spora isiyo na jeni hupata sumu bila dawa, ikafa.

Sasa tufanye hesabu. Aliyebeba wtf4 amepoteza nusu ya wazao wake, na hiyo ni hasara kubwa. Lakini waliokufa ni wale wasiokuwa na wtf4, na waliobaki wote wanayo. Hasara ni ya mwili, faida ni ya jeni, na uteuzi asilia huyapima yote mawili. Ndiyo maana jeni za familia hii hazikufutwa mapema wala baadaye: utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zimedumu kwa zaidi ya miaka milioni 100.

Dai la tatu: "Kinachotenganisha spishi ni jiografia na mazingira, basi."

Hakuna anayekataa kwamba mlima, bahari au jangwa huweza kuzitenga jamii mbili. Swali ni hili: zikikutana tena na kuzaana, kwa nini chotara wao wawe tasa? Mlima hauharibu mbegu za uzazi. Kuna kitu ndani ya mwili kinachoziharibu, na inabidi tukitafute.

Hamira yetu ina ndugu wa karibu aitwaye S. kambucha. Ukilinganisha DNA zao, zinafanana kwa takriban asilimia 99.5. Wawili hao huungana bila shida na chotara wao anaishi, lakini akifika kwenye kutoa spora, chache sana huwa hai. Mwaka 2014 Zanders na wenzake walipoichambua hali hiyo walikuta sababu kubwa mbili. Ya kwanza ni kwamba vipande vya kromosomu vimehamishwa kutoka mahali pake, hivyo kromosomu za wazazi hao wawili hazilingani. Ya pili ni jeni zenye ubinafsi: si chini ya tatu, moja katika kila kromosomu ya S. kambucha, na kila moja inaua spora kivyake.

Hapo ndipo utasa unapojengeka. Jeni moja ya namna hii ikiua nusu ya spora, mbili zisizotegemeana huacha robo, na tatu huacha thumuni. Zikiwa kwenye kromosomu moja na zimegawanyika, baadhi kwa mzazi huyu na baadhi kwa yule, hali huwa mbaya zaidi, kwa maana spora ikitaka kupona lazima irithi viuasumu vya pande zote mbili kwa pamoja. Kila jeni inapigania nafasi yake tu, na jumla ya mapigano yao ni chotara asiyezaa. Hakuna mazingira yaliyoudai utasa huo, na hakuna kiumbe aliyefaidika nao.

Dai la nne: "Wazo hili lilishakataliwa mwaka 1991."

Ni kweli lilikataliwa, na waliolikataa walikuwa wanasayansi makini. Wanaolitaja dai hili leo huacha kusema kilichofuata.

Mwaka 1922 J. B. S. Haldane aligundua kwamba chotara wa spishi mbili wanapokuwa na jinsia moja inayokosekana, iliyo haba au iliyo tasa, huwa ni ile yenye kromosomu mbili tofauti za jinsia. Kwa nzi na wanadamu hiyo ni jinsia ya kiume, yenye X na Y. Kwa ndege na vipepeo ni ya kike. Mwaka 1991 Steven Frank kwa upande wake, na Laurence Hurst pamoja na Andrew Pomiankowski kwa upande wao, walipendekeza sababu: X na Y hushindana kuingia kwenye mbegu, kila jamii hujitengenezea jeni za kuuzima ushindani huo, na chotara anapochanganya pande mbili, kinachouzima hupungua nguvu na mbegu zikaharibika. Wapinzani wakajibu kwamba kama ni hivyo, chotara wangezaa watoto wengi wa jinsia moja, na jambo hilo halikuwa likionekana.

Pingamizi hilo lilikuwa na pengo: chotara aliye tasa kabisa hana watoto wa kuhesabu. Jibu likapatikana kwa nzi aitwaye Drosophila pseudoobscura, anayeishi Amerika ya Kaskazini na kuwa na jamii ndogo iliyojitenga karibu na Bogotá, Kolombia. Jike wa Bogotá akizaa na dume wa Marekani, watoto wao wa kiume huonekana tasa. Mwaka 2005 Allen Orr na Shannon Irving walionyesha kwamba madume hao wakiachwa wazeeke hupata uwezo kidogo wa kuzaa, na karibu watoto wao wote ni wa kike. Mwaka 2009 Nitin Phadnis na Orr wakaipata jeni inayohusika, iliyomo kwenye kromosomu X, wakaiita Overdrive. Jeni hiyohiyo moja inachangia utasa na inapindua uwiano wa jinsia.

Kilichokuwa kimekosekana mwaka 1991 kilikuwa kimejificha nyuma ya utasa wenyewe. Anayelitaja pingamizi hilo bila kumtaja nzi wa Bogotá anamnyima msikilizaji nusu ya habari.

Dai la tano: "Jeni ya ubinafsi ikishanyamazishwa, mambo yamekwisha."

Jeni ya ubinafsi ikienea na kuleta madhara, mabadiliko yoyote yanayoinyamazisha huwa na faida, nayo huenea pia. Baada ya muda kila mnyama ana jeni yenye ubinafsi na ana kizuizi chake, watoto wanazaliwa nusu kwa nusu, na mtu akitazama kwa nje haoni dalili ya vita.

Lakini vita vimeacha silaha pande zote mbili. Nzi Drosophila simulans ana jeni iitwayo Dox kwenye kromosomu X. Ikiachwa huru, huvuruga mbegu zenye Y, na dume huzaa watoto wa kike karibu watupu. Mwaka 2007 Yun Tao na wenzake walieleza kizuizi chake, Nmy, kilicho kwenye kromosomu nyingine. Ajabu yake ni kwamba Nmy imetokana na Dox yenyewe: nakala ilihamia kwenye kromosomu nyingine, ikajipanga kwa namna inayotoa RNA ndogo zinazoizima ile ya asili. Ukimtazama nzi mzima hutajua kwamba lolote limetokea. Mwondolee kizuizi, na Dox inaanza kazi siku hiyohiyo.

Jamii mbili zilizotengana hazipigani vita vilevile. Kila moja inapata jeni zake na vizuizi vyake, na kila duru hubadilisha jeni zinazohusika na utengenezaji wa mbegu za uzazi. Chotara hurithi silaha za upande mmoja na vizuizi pungufu vya upande mwingine. Kwa hiyo kunyamazishwa kwa jeni hakufuti athari zake: huzificha ndani ya jamii, na zikaja kujitokeza pale jamii mbili zinapochanganyika.

Dai la sita: "Haya ni mambo ya nzi wa maabara, hayatuhusu."

Anayeona hivi atembee bustanini Nairobi. Kipepeo wa rangi ya machungwa aitwaye Danaus chrysippus anaruka huko mchana kutwa, na eneo hilo ni mahali ambapo aina zake kadhaa, zenye mabawa ya michoro tofauti, hukutana na kuzaana. Majike wengi wa eneo hilo wana bakteria aitwaye Spiroplasma, anayepita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto kupitia yai. Kwa kuwa mtoto wa kiume hawezi kumrithisha, bakteria huyo huwaua watoto wa kiume mapema kabisa na kuwaacha wa kike. Si jeni ya kipepeo, lakini mwenendo wake wa urithi ni uleule: anaenea kwa kuipotosha familia ya mwenye mwili.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kilichofuata. Kwa vipepeo, jike ndiye mwenye kromosomu W, nayo hupita kwa mama na binti tu, sambamba na bakteria. Kromosomu yenye jeni za rangi ya mabawa iliungana na W hiyo, na kwa kuwa bakteria alikuwa akienea, kromosomu hiyo mpya ilibebwa naye hadi ikaenea eneo zima kwa takriban miaka 2,200. Sasa majike wote wenye bakteria wana nakala ileile ya rangi, na sura ya binti inategemea baba, ambaye mara nyingi ametoka mbali. Hapa spishi mpya haijazaliwa. Lakini kromosomu imebadilika umbo katika sehemu moja ya eneo la kipepeo huyu na si kwingine, ndani ya muda ulio mfupi sana kwa mageuko.

Kwa mkulima jambo hili liko karibu zaidi. Mpunga wa Afrika, Oryza glaberrima, ukichavushwa na mpunga wa Asia, Oryza sativa, chotara hushindwa kutoa mbegu. Sababu mojawapo kubwa ni eneo la kromosomu liitwalo S1: ndani ya chotara mwenye aina zote mbili, aina ya Kiafrika huziua chavua na mayai yaliyobeba aina ya Kiasia. Utasa huo ulikuwa kikwazo kikubwa kwa Monty Jones wa Sierra Leone na wenzake walipotafuta mbegu za mpunga chotara ziitwazo Nerica huko Afrika Magharibi katika miaka ya 1990. Iliwabidi wawarudishe chotara kwa mzazi wa Kiasia tena na tena na kuokoa viinitete maabara. Kazi hiyo ilimpa Jones Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2004, na Nerica inalimwa hadi Uganda.

Kisha kuna malaria. Mwaka 2003 Austin Burt alipendekeza kutengeneza jeni yenye ubinafsi kwa makusudi ili kupunguza mbu. Mwaka 2018 watafiti wa Imperial College London walionyesha kwamba jeni kama hiyo inaweza kuiangamiza jamii ya Anopheles gambiae iliyofungiwa maabara. Mbu huyo ana ndugu, Anopheles arabiensis. Wakizaana, watoto wa kiume huwa tasa lakini wa kike huzaa. Mlango kati ya spishi hizo mbili haukufungwa wote, na jeni iliyoachiwa kwa mmoja inaweza kupenya kwa mwingine. Taasisi za kanda yetu, zikiwemo ya Ifakara nchini Tanzania na ya Entebbe nchini Uganda, zimo katika utafiti wa aina hii. Wananchi watakaoulizwa kama mbu hao waachiwe wana haki ya kuielewa sayansi hii kabla ya kujibu.

Dai la saba: "Kwa hiyo jeni zenye ubinafsi ndizo zinazozalisha spishi zote."

Hapa mashabiki wanavuka mpaka, na ushahidi unawarudisha. Mwaka 1977 ulielezwa utasa ambao baadaye ulionekana kusababishwa na vipande vya DNA vinavyohamahama, viitwavyo P: dume mwenye navyo akizaa na jike asiye navyo, watoto wengi huwa na viungo vya uzazi vilivyodumaa. Baadhi ya watu wakadhani wameona spishi ikizaliwa. Lakini P ilikuwa imeingia kwa Drosophila melanogaster ikitoka kwa spishi nyingine ya nzi, na ndani ya karne ya 20 ilienea kwa nzi wa porini duniani kote. Wote walipokuwa nayo, tofauti ikaisha. Spishi mpya haikuzaliwa.

Mfano mwingine uko Mauritius. Drosophila mauritiana na Drosophila simulans wametengana, na sehemu nyingi za kromosomu yao X huleta utasa kwa chotara. Mwaka 2018 ilionekana kwamba jeni za ukoo wa Dox zilikuwa zimevuka kati ya spishi hizo hivi karibuni. Pale zilipopita, zimepunguza tofauti badala ya kuiongeza. Jeni inayojijali yenyewe haina haja ya kuulinda mpaka wa spishi. Ikipata upenyo, inavuka.

Na zipo spishi ambazo sababu yake kuu iko kwingine. Katika Ghuba ya Mwanza wanaishi samaki Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la buluu, na Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, ambaye dume lake ni jekundu. Kadiri maji yanavyokwenda chini, mwanga wa buluu hupungua na mwekundu hubaki. Macho ya samaki wa chini yamezoea mwanga huo, na majike huchagua dume wanayemwona vizuri. Utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kwenye maji maangavu spishi hizo zimetengana, na kwenye maji ya tope zinachanganyika. Hapo mazingira yamefanya kazi yake bila kuhitaji sumu wala kiuasumu.

Haya yote hayaifuti nadharia ya mageuko; yanaikamilisha. Uteuzi asilia haufanyi kazi kwa mnyama mzima peke yake, bali pia kwa kila kipande cha DNA kinachoweza kujirithisha, na mara kwa mara faida ya kipande ni hasara ya mnyama. Mitaala yetu inapaswa kusema hivyo wazi, tangu sekondari. Mwanafunzi aendelee kuuliza sifa hii ina faida gani, lakini aongeze neno linalokosekana: faida kwa nani? Akishauliza hivyo, chotara tasa wa hamira, wa mpunga na wa nzi wa Bogotá hawatakuwa tena mafumbo yasiyo na maana. Ataziona jeni zilizokuwa zikigombea urithi, na ataelewa kwamba spishi inaweza kuanza bila kiumbe yeyote kufaidika na mwanzo huo.